Mkwe Aliyekaa Shimoni

Absalom Wekoye amechimba visima vingi Kibomet, kando ya Kitale, kuliko mchimba visima mwingine yeyote ninayemfahamu, na mimi nawafahamu wawili tu. Wa pili ni Gicheru, ambaye hachimbi. Yeye hukaa juu na kuvuta kamba.

Absalom ni mume wa dada yangu Viola. Alizaliwa Myanga, upande wa Bungoma, akaacha shule darasa la saba na kuja Kitale kumsaidia mjomba wake kuchimba vyoo. Baadaye alihama kutoka vyoo hadi visima. Husema kazi ni ile ile, isipokuwa kisima kikiwa kibaya watu hukufuata nyumbani. Ni mrefu kuliko inavyomfaa mchimba visima, na huongea kidogo, labda kwa sababu maneno yakisemwa chini ya ardhi humrudia mwenyewe. Kabla ya kushuka huteremsha mshumaa uliowashwa ndani ya kopo. Mshumaa ukizimika, haendi. Ukibaki unawaka, hushuka, na watu wa juu hawamsikii tena isipokuwa akikohoa.

Katika miaka yote aliyoishi na dada yangu, Absalom hakuwahi kuuona uso wa mama yetu. Mama, ambaye jina lake ni Fridah Nakhungu, anaishi Ndalu, na nyumbani kwetu bado tunafuata ya zamani: mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawapeani mikono, hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi. Kwa kuwa magoti ya mama ni mabaya, anayeingia ni Absalom. Yeye humjua mama kwa sauti, na kwa kitambaa cha kichwani kikionekana kwa nyuma. Mama humjua kwa kikohozi, kwa maana Absalom hukohoa tangu langoni ili ajulikane anakuja.

Niliyepeleka maneno kati yao ni mimi. Mwaka ule wa 2006 nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi Ndalu kungoja kazi, na mtu anayengoja kazi hupewa kazi zote.

Shida yetu ilikuwa maji, na shida ya maji ilianza na barabara. Miaka ya themanini watu wa barabara walikuja shambani kwetu kuchimba muramu, yale mawe mekundu wanayotandaza na kushindilia. Walichimba mpaka wakafika kwenye mwamba, wakaondoka, wakatuachia shimo ambalo mvua ikinyesha lilikuwa ziwa. Ng'ombe wetu mmoja alizama humo. Mwaka wa 2003 watu wengine wa barabara walikuja. Hawa walikuwa wanakata kilima mahali fulani na hawakuwa na pa kumwaga kifusi. Walimuuliza mama kama wanaweza kufukia lile shimo. Mama alimkumbuka ng'ombe, akakubali kabla hawajamaliza kuuliza.

Malori yakaja na udongo, mawe na visiki. Tingatinga likasukuma, likasawazisha, likakanyaga juu mpaka pakawa kama uwanja. Msimamizi wao akamwambia mama, "Mama, shamba lako limerudi." Mahali pale tukapaita Kwa Tinga.

Shamba lilikuwa limerudi kweli, ila lilirudi na tabia nyingine. Mahindi yaliyopandwa juu yake yalitoka manjano. Mvua ikinyesha, upande mmoja maji yalisimama kama kwenye sahani, na upande mwingine yalizama kana kwamba kuna mtu chini aliyeyaita. Halafu chemchemi yetu, iliyokuwa bondeni chini ya hapo na ambayo ilitoa maji hata wakati shimo likiwa wazi, ikakauka. Mama akaanza kwenda mtoni.

Maneno yalianza sokoni Ndalu, yakapanda hadi Kitale. "Huyo mama, mkwe yake anachimbia Kitale yote maji," watu walisema, "na yeye mwenyewe anabeba ndoo kutoka mto." Absalom alikuwa juu ya kisima cha mtu Kibomet aliposikia. Gicheru aliniambia kwamba siku hiyo hakukohoa kabisa.

Kiangazi cha Januari akaja Ndalu na vifaa vyake, na Gicheru.

"Mwambie achimbe hapa karibu na jikoni," mama aliniambia, "nisitembee."

Nikaenda langoni nikamwambia. Absalom alitazama chini.

"Mulamwa, hapo siwezi," alisema. Ndivyo anavyoniita, kwa kuwa mimi ni mdogo wa mke wake. "Si unajua mtu akitoka kwa shimo anatoka namna gani."

Nilijua. Mchimba kisima hutoka na kaptura na matope, na kwa hakika matope ni mengi kuliko kaptura. Basi tukazunguka shamba lote, mimi, Absalom na Gicheru, tukitafuta mahali ambapo mtu akisimama haonekani kutoka mlango wa mama, wala jikoni, wala kwenye zizi, wala kwenye maharagwe anapopalilia. Tulipata mahali pamoja tu. Palikuwa nyuma ya migomba, Kwa Tinga.

Ndivyo kisima chetu kilivyopata mahali. Hakuna aliyeuliza maji yalikuwa wapi. Sote tuliuliza mama alikuwa wapi.

Kuchimba kulikuwa rahisi, na jambo hilo lilipaswa kutuonya. "Hii si kuchimba," Gicheru alisema, "hii ni kupakua ugali." Ndoo zilipanda na mawe makubwa kama maboga, udongo mwekundu uliochanganyika na mweupe, kipande cha tairi, glavu moja ya mkono wa kushoto, na kisiki ambacho hakikuwa kimeoza. Kati ya jiwe na jiwe kulikuwa na nafasi ambazo mtu angeweza kuingiza mkono mpaka kiwiko. Kuta zilikuwa zikimomonyoka, kwa hiyo Absalom akaleta pete za saruji, zile wanazoziita kalvati, akazipanga moja juu ya nyingine tangu chini hadi juu. Za chini zilikuwa na matundu ili maji yapite. Mwishowe sururu ikagonga mwamba wa shimo la zamani, ikalia kama kengele.

Ndoo iliyofuata ilipanda na vumbi.

Absalom alikohoa. Mama, aliyekuwa upande wa pili wa migomba akitugeuzia mgongo, alielewa kwamba kuna neno.

"Mulamwa," sauti ikatoka shimoni, "mwambie mama maji yatakuja."

Nikaenda kwenye migomba, nikarudi. "Anauliza lini."

"Mwambie yatakuja."

Nikaenda, nikarudi. "Anasema hilo amesikia. Anauliza lini."

Gicheru alicheka mpaka kamba ikamponyoka. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa ndoo ilikuwa na vumbi tu.

Kabla hajaondoka nilimweleza Absalom jambo nililolisoma maktabani chuoni. Kuna nchi ambazo huchimba makaa ya mawe kwa kufungua ardhi yote, halafu huirudisha mahali pake na kupanda nyasi. Ndalu hatuna makaa ya mawe, lakini tunacho kifusi. Ardhi ikivunjwa na kurudishwa hujaa nafasi. Mvua ikiingia humo haiendi moja kwa moja chini ikakaa. Kwanza kila bonge kavu hunywa sehemu yake, kama unga unavyonywa maji sufuriani kabla hujaona ugali. Mabonge yakishashiba, ndipo maji huanza kujikusanya sakafuni na kupanda polepole, na maji jirani yaliyomo kwenye ardhi isiyoguswa nayo huanza kuingia kutoka pembeni. Na yakija huja na ladha ya jiwe lililovunjwa karibuni.

"Yanachukua muda gani?" Absalom aliuliza.

"Vitabu havikubaliani. Kuna mahali yalichukua miaka, na mahali pengine miaka mingi zaidi."

Aliwaza. "Basi usimwambie mama ya vitabu," alisema. "Mwambie tu yatakuja."

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri. Zilinyesha juu ya Kwa Tinga, zikazama, na shimo likabaki kavu. Sokoni watu walimuuliza mama kama amelijengea paa ghala lake la chini. Mukhwana, jirani yetu ambaye ni fundi wa vyoo, alipita siku moja akachungulia ndani, akakaa akichungulia kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama ng'ombe wa mwenzake. "Kazi safi," alisema. "Kazi safi sana, bana." Mama alimsikia.

Mwezi wa Agosti choo chetu cha zamani kikaanguka. Udongo ulikuwa umelowa, ukuta mmoja ukaenda, na sakafu ikaufuata. Ilikuwa asubuhi, na mama alikuwa ametoka humo muda si mrefu. Alisimama akatazama pale alipokuwa ameketi. Halafu akapita migomba, akaenda Kwa Tinga, akatazama chini. Aliona pete za saruji zilizopangwa vizuri, na sakafu kavu. Akatuma mtu amwite Mukhwana.

Mukhwana akaja na utepe wa kupimia. "Mama Viola," alisema, "hii choo watu watatoka mpaka Bungoma mjini kuja kuona. Mimi kazi yangu ni kuweka slabu tu. Jumatatu nakuja."

Nilipanda gari kwenda Kibomet siku hiyo hiyo. Nilimkuta Absalom akila.

"Mama anataka kulitumia lile shimo," nilisema.

"Kulitumia kufanya nini?"

Nilitazama ukuta. Ulikuwa na kalenda ya duka la mbegu, na nikasoma siku zote za Agosti.

"Choo," Viola alisema kutoka jikoni. Viola hana haya. Zote nilipewa mimi. "Sema choo. Mama anataka kuifanya choo."

Absalom aliweka tonge chini. Akanawa mkono, ingawa ugali ulikuwa bado mwingi.

"Mulamwa," alisema, "mimi sitakiwi hata kujua kwamba mama ana choo."

"Anacho. Kimeanguka."

"Na sasa nimemchimbia." Alijifunika uso kwa kiganja. "Na mikono yangu."

"Myanga watasikia," Viola alisema. "Shangazi zako watasikia kwanza."

"Na maji yako njiani," Absalom alisema. Hakuinua sauti, lakini niliona ndilo lililomuuma zaidi. Kile kifusi chote kilikuwa kitu kimoja chenye nafasi ndani. Uchafu ukiingia humo mara moja, ungepita kati ya mawe na kwenda popote, na hata maji yakija siku moja yasingekuwa maji ya mtu yeyote. Mama angebaki na mto mpaka mwisho wa maisha yake, na Absalom angebaki kuwa mtu aliyemchimbia mama mkwe choo.

Kumchimbia choo kingine mahali pengine hangeweza. Hilo lingekuwa kosa lile lile, isipokuwa la kukusudia.

Gicheru akajitolea kuzungumza. "Mimi si mkwe yake," alisema. "Mimi naweza keti na yeye tuongee kama watu." Tukarudi naye Ndalu, mama akamkaribisha jikoni.

"Mama Viola, habari ya mvua?"

"Si unaiona."

"Sasa hiyo kisima, Mama, tungoje kidogo."

"Kisima gani?"

"Ile ya Kwa Tinga."

"Gicheru, wewe umeona maji huko?"

"Bado, lakini..."

"Ati lakini. Lakini nitakunywa? Mimi nimeona choo imeanguka. Hiyo nimeona na hizi macho. Watu wa hii boma wanaenda kwa Mukhwana kuomba choo kama wageni."

"Lakini Mama, si utaona haya kuketi kwa kitu mkwe yako alichimba na mikono yake?"

Mama alimtazama mpaka Gicheru akaanza kutafuta kofia yake. "Choo haina jina ya mtu," mama alisema. "Kunywa chai."

Gicheru alikunywa chai, akarudi Kibomet, akatoa habari kwamba mazungumzo yalikuwa mazuri na mama amekataa.

Jumatatu Mukhwana alifika na slabu, lile bamba la saruji la kufunikia shimo la choo, juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Pale Kwa Tinga alimkuta Gicheru ameketi kando ya shimo, na kamba ikining'inia ndani. Akachungulia. Chini kabisa, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa ameketi Absalom. Kando yake kopo la mshumaa lilikuwa linawaka.

"Bwana Wekoye," Mukhwana aliita, "unafanya nini humo?"

"Nakaa."

"Utatoka saa ngapi?"

"Sijui."

Mukhwana alifikiri, akaja kwa mama. "Siwezi funika mtu," alisema.

"Mtu gani?"

Mama aliinuka, akatembea mpaka kwenye migomba. Hapo alisikia kikohozi kikitoka ardhini. Akasimama. Akageuka palepale, akaita kiti, akaketi ameutazama mlango wake mwenyewe, shimo likiwa nyuma yake. Mbele yake kulikuwa na kuku wakichakura, na mama akaongea nao.

"Nyinyi kuku," alisema kwa sauti ya kufika mbali, "mmeona wapi mtu mzima anaketi ndani ya shimo kavu?"

Kikohozi. "Mulamwa, mwambie mama si kavu kabisa."

Nilifungua mdomo nimwambie. Mama aliinua mkono, alikuwa amesikia.

"Kuku, muulizeni kama amelowa."

Kikohozi tena.

"Mulamwa, mwambie bado."

Hali ilikuwa hivi. Absalom akiwa ndani, mama hawezi kufika pale, wala Mukhwana hawezi kuweka slabu. Mama hakuweza kumfukuza, kwa kuwa mkwe hafukuzwi. Absalom alikuwa amefikiri vizuri, isipokuwa jambo moja, na jambo hilo lilitokea saa sita mchana.

"Chinja yule mwekundu," mama aliniambia.

"Mama, si umemkasirikia?"

"Kukasirika ni kukasirika. Mkwe ni mkwe. Akiwa ndani ya boma yangu atakula kuku, na firigisi iwe ndani. Nisisikie Myanga wakisema alishinda njaa kwetu."

Nilimteremshia kuku na ugali kwa ndoo. Sahani ilirudi na mifupa. Kesho yake alikuwa shimoni tena, na kuku mwingine akaenda. Siku iliyofuata vilevile.

Jioni mama akiingia jikoni kupika, Gicheru alimvuta Absalom juu. Alilala kwa Mukhwana, kwa kuwa ndiyo nyumba iliyokuwa karibu, na Mukhwana hakuwa na ugomvi naye. Slabu ilikuwa inamngoja tu mkokotenini. Lakini sisi sote bado tulikuwa tukienda choo kwa Mukhwana. Ilimbidi mke wa Mukhwana asimame njiani asubuhi na jioni kuhakikisha kwamba wawili hawa hawakutani huko. Alisema hajawahi kufanya kazi ngumu hivyo tangu aolewe.

Mvua haikupumzika. Gicheru alifunika shimo kwa turubai juu ya miti ili Absalom asinyeshewe. Mama aliongea na kuku kila siku. Aliwauliza kama kuna mtu aliyeshinda kwa kuketi. Aliwaambia kwamba zamani wakwe walileta ng'ombe, siku hizi wanaleta matako. Kutoka shimoni kikohozi kilijibu kwa heshima. Kuku wenyewe walikuwa wanapungua, na waliobaki wakaanza kukimbia wakiona mtu mrefu yeyote.

Alasiri moja mama alikuwa ananyonyoa, nami nikishika beseni. Hakuwa anaongea na kuku wakati huo. Huyo mmoja alikuwa hasikii tena.

"Wewe unafikiri mimi nataka kuaibisha mtoto wa watu," alisema.

"Sikusema hivyo, Mama."

"Unafikiri. Wewe husemi, unafikiri." Aling'oa bawa. "Haya magoti yanaenda mtoni asubuhi. Yanaenda kwa Mukhwana na mvua, mara ngapi sikwambii. Nimezaa saba. Nilipoolewa hapa niliteka maji kwa chemchemi hapo chini nikiimba. Mimi sitaki shimo yake. Nataka mahali."

Nilipokwenda kuteremsha ndoo nilimwambia Absalom maneno hayo yote, hata ya magoti. Alikula akamaliza, akasema, "Mwite Mukhwana."

Mukhwana akaja, akachutama ukingoni.

"Wewe huna kisima," Absalom alisema kutoka chini.

"Sina."

"Nitakuchimbia. Na wewe utamchimbia... utachimba kitu karibu na ile jikoni. Pale kwenye ardhi ngumu, mbali na hapa. Mimi sitaki kujua ni kitu gani."

"Ni choo," Mukhwana alisema.

"Nimesema sitaki kujua."

Walikubaliana, lakini mama hakukubali mara moja. Alisema Mukhwana akianza kuchimba kwenye ardhi ngumu atamaliza Krismasi, na shimo lililo tayari liko hapo. Kama maji yapo, yaonekane. Halafu aliwaambia kuku hukumu yake, na sauti ilifika hadi mwambani.

"Nyinyi mmebaki wawili na yule wa kesho. Mtetea anataga, na jogoo ni mmoja, hao sichinji. Kesho mwisho. Kesho kutwa atakula mboga, na mkwe akipewa mboga amejua njia ya kwenda kwao. Mukhwana ataweka slabu."

Hakukuwa na kikohozi.

Siku ya mwisho ilikuwa ya jua. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakukuwa na wingu, na Mukhwana alikuwa amekwisha kuwafunga ng'ombe wake kwenye mkokoteni ili asichelewe kesho yake. Mama alipika yule kuku kwa uangalifu kuliko wengine wote, akaweka firigisi juu, mahali pa kuonekana. Nikamteremshia. Nilisikia Absalom akila, polepole, kama mtu anayesoma ukurasa wa mwisho. Ndoo ikapanda, nikachukua sahani, nikaileta kwa mama jikoni.

Mama aliipokea, akataka kuiweka kwenye vyombo vichafu, mkono wake ukasimama.

"Umeiosha hii?"

"Hapana, Mama."

"Mifupa iko wapi?"

"Gicheru amempa mbwa."

Aliigeuza. Sahani ilikuwa safi, haina mafuta, haina hata punje ya ugali, na chini yake tone moja lilikuwa linajikusanya. Likaanguka kwenye udongo wa jikoni. Mama alilitazama. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa sahani, akakiweka ulimini, akakunja uso.

"Ina mawe," alisema.

Ilikuwa nayo kweli. Mpaka leo maji yale hayatoi povu la sabuni kwa urahisi, na mama hupikia chai maji ya paa. Ya Kwa Tinga ni ya ng'ombe, kufua na kuosha vyombo, ingawa kila mwaka yanapoa ukali kidogo. Mwaka uliofuata hata chemchemi ya bondeni ilianza kutoa unyevu kwenye majani. Siku ile hatukuyajua hayo. Tulijua sahani tu.

Mama aliiweka mahali pa vyombo safi. Akachukua fimbo yake, akatembea mpaka kwenye migomba, akageuka akatoa mgongo kama kawaida. Kikohozi kilisikika, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na kitu cha kuigonga na kuirudisha.

"Mulamwa," Absalom alisema, "mwambie Gicheru anitupie gambuti."

Gicheru hakuzitupa. Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni akichungulia, na alikuwa anacheka peke yake.

Mama alibaki ameutazama mlango wake. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kimelegea, akakikaza. Mtetea na jogoo walikuwa mbali, chini ya ghala, wakimtazama kwa jicho moja moja.

"Haya," mama akawaambia, "mmepona. Mwambieni atoke."